Siku Dada Yangu Alipoandika Ndege

Dada yangu Victoire alipanda mlima ule akiwa na hasira, na alikuwa na sababu zake zote.

Nilimwona kutoka juu, saa mbili na nusu ya asubuhi, akitoka katika ukungu kati ya mashamba ya viazi ya Papa Kitsa, mkulima wa pale. Alikuwa amefunga kitenge juu ya suruali, amevaa sweta mbili, na viatu amevishika mkononi kwa sababu ya matope. Mwenye moto, pikipiki ya abiria, alimwacha chini, barabarani. Hakunipungia mkono. Alipanda tu akitazama miguu yake, na mimi nilijua nani amemtuma na amekuja kufanya nini.

"Ni nani ule?" Grady aliniuliza. Alikuwa amepiga magoti kando ya longue-vue yake, darubini ya miguu mitatu, akifuta kioo kwa pindo la shati.

"Yaya yangu. Victoire wa Beni."

Akaacha kufuta. "Ule wa Xavier?"

"Njo ule." Ndiyo, huyo huyo.

Ngoja niseme kwanza tulikuwa tunafanya nini huko juu ya mlima wa Masereka, maana mtaa wetu wote wa Butembo ulikuwa na maelezo yake, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa, ndege wakubwa wala nyama hukimbia baridi ya Ulaya na Urusi. Wanashuka kusini kwa maelfu, na wengi wanapita juu ya milima yetu. Watu wa kwetu huwaita wote tai. Lakini mwenye kutazama vizuri ataona kuna tai, kuna mwewe, kuna kipanga, na wengi kuliko wote ni wale ambao Grady huwaita kwa Kifaransa buse, ndege wa rangi ya udongo, wenye mabawa mapana, ambao wanaweza kupita bonde zima bila kupiga bawa hata mara moja.

Grady alikuwa agent wa mazingira, mtoto wa Kikwit, aliyetumwa na serikali Butembo miaka mitatu nyuma. Aliomba walimu wa biolojia wamsaidie kuwahesabu ndege hao, kila Jumamosi, kwa Jumamosi nane. Kwenye mkutano tulikuja walimu kumi na mmoja. Siku ya kwanza ya kupanda, mvua ilinyesha, nikajikuta niko peke yangu na yeye.

Basi, hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumamosi ya kwanza nilijifunza kutofautisha buse na mwewe kwa kutazama mkia. Jumamosi ya tatu niligundua kwamba nimeanza kumtambua Grady kutoka mbali, chini kabisa barabarani, kwa namna bega lake la kushoto linavyoinama anapotembea. Jumamosi ya tano alinishika mkono ili anionyeshe ndege mmoja mdogo aliyekuwa juu sana, na ndege yule akapotea katika wingu, na mkono wangu ukabaki pale pale katika mkono wake. Tulisimama tukitazama wingu tupu kama watu waliosahau walichokuwa wanatafuta.

Baada ya Jumamosi ya saba, siku ya Jumatano, Grady alivaa koti na kuja nyumbani kwetu.

Papa yangu, Mathe, ni mtu wa heshima. Hakumtukana. Alimkaribisha, akamwuliza habari za kazi, mama akaleta obundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, kisamvu, na nyama ya mbuzi. Grady alikula vizuri. Kisha akasema alilokuja kusema, na hakuficha kitu: alikuwa amepata barua ya mutation, ya kuhamishwa kazi, na mwezi wa kwanza anatakiwa awe Kindu. Papa alinawa mikono polepole, akajifuta kidole kwa kidole.

"Asante kwa kututembelea," alisema. "Nyumba imekusikia. Mais mutoto yangu hataenda na mutu wa mutation. Nilishatoa mumoja. Inatosha."

Huyo mmoja alikuwa Victoire, aliyeolewa na Xavier, mtu wa serikali aliyepata mutation ya Kananga. Na sasa, Jumamosi ya nane, Victoire alikuwa amefika juu, akihema, matope hadi magotini.

Grady alisimama na kuvua kofia yake ya sufu. "Jambo, yaya Victoire. Pole na mulima."

Dada yangu alimpima kwa macho kutoka nywele hadi buti, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukikata. "Jambo," alisema. Halafu akanigeukia. "Kamata mufuko yako. Moto inatungojea."

"Yaya, kaa kwanza, upumuzike. Kuko chai."

"Sikukuya kunywa chai. Papa alinipigia simu juzi. Anasema, kama mimi njo naenda, nitamupatisha mutoto haya mbele ya watu. Wewe njo utaenda, wewe unajua kitu ya kumuambia. Nimeacha nguo za batu kwenye machine. Nimeacha batoto kwa jirani. Twende."

Grady aliokota jumelles zake, darubini za mkononi. "Naenda pale kwenye jiwe," alisema, "naona kama ukungu inataka kufunguka upande ule."

Ukungu haukuwa unafunguka upande wowote. Alikwenda tu ili atuachie nafasi. Nilimtazama akiondoka, na Victoire alinitazama nikimtazama.

"Unamupenda," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi pia nilimupenda Xavier."

"Grady haiko Xavier, yaya."

"Hata Xavier hakuwa Xavier, mbele aondoke!" Sauti yake ilipanda, halafu akaishusha mwenyewe. "Banakuambia alikuwa mubaya? Uongo. Alikuwa muzuri. Alikuwa anafula nguo za batoto, yeye mwenyewe, na banaume ya jirani banamucheka. Siku aliondoka, alilia. Alilia kunishinda. Alisema, Victoire, wiki mbili tu, nafika Kananga naona chef, narudia kuwatwaa. Wiki mbili. Sasa ni miaka tisa. Bénite ananiuliza papa eko wapi, namuambia eko Kananga. Anauliza Kananga fasi gani. Siyui, Vagheni. Siyui hata avenue. Numéro yake ilikufa, na mimi sikuwa na numéro ingine hata moja ya mutu wa kwao."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane Xavier alipoondoka, na ninakumbuka Victoire alikataa kurudi nyumbani Butembo. Alibaki Beni na mashine yake ya kushona na watoto wake wawili, Éphraïm na Bénite, na kila Noeli alikuja na zawadi kwa kila mtu, akicheka sana, na hakuna mtu nyumbani aliyetaja jina la Xavier mbele yake. Tulifikiri tunamhurumia. Leo, juu ya mlima, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja yeye mwenyewe.

Alikaa kwenye bâche, turubai letu, akachoka ghafla. Nilimmiminia chai. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Hapana lia," aliniambia. "Nikikuona unalia, nami nitalia, na nitashuka namna gani na macho imefunga?"

Hapo ndipo Grady alipopiga kelele.

"Madame! Madame Vagheni! Chini! Tazama chini!"

Tukiwa kazini ananiita Madame, kama wanafunzi wangu. Niliruka. Ukungu ulikuwa umepasuka kweli, mara moja, kama pazia linalovutwa, na katika mwanga wa jua tuliwaona. Walikuwa wamelala katika msitu wa mikaratusi chini yetu, usiku kucha, mamia, na hatukujua. Sasa hewa ilikuwa imeanza kupata joto na walikuwa wanapanda. Walikuwa chini ya miguu yetu, tukaona migongo yao kwanza. Walizunguka, wakazunguka, bila kupiga bawa, wakafika usawa wa macho yetu, karibu hata nikaona jicho la njano la mmoja likinitazama, halafu wakatupita kwenda juu.

"Buse," Grady alisema, akibonyeza compteur, kidude cha kuhesabia, mkononi mwake. "Makumi ine. Makumi saba. Mia na kumi. Andika, Madame!"

Nilikamata daftari. Niliandika mstari wa kwanza. Kisha nikasikia kimya cha ajabu nyuma yangu na nikageuka, na juu ya mgongo wa mlima, upande wa magharibi, mkondo mwingine ulikuwa unapita, mrefu, hauna mwisho.

"Grady! Banapita nyuma pia!"

Aligeuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa na watu wawili kwa wakati mmoja. "Chukua compteur ya pili, ushike upande ule. Mais nani ataandika?"

Wote wawili tulimtazama Victoire.

"Hapana," alisema Victoire.

"Yaya, tafazali."

"Mimi nakuya kukutwaa, na wewe unanipatisha kazi? Na mimi siyui hata jina ya ndege moja."

"Andika tu kile utasikia! Sawa vile unaandika vipimo!"

Maana pale Beni, kwenye chumba chake cha kushonea katika barabara ya Mbau, Victoire anashona huku wasichana wake wanampigia kelele vipimo kutoka chumba cha pili, bega hivi, kiuno hivi, urefu hivi, na yeye anaandika kwa mkono mmoja bila kuinua kichwa, na hajawahi kukosea gauni. Alitazama daftari. Alitazama anga. Akasonya, akaweka chini kikombe cha chai, na kunipokonya kalamu ya bic.

"Semeni polepole," alisema, "na mutu asiseme wakati mwenzake anasema."

Ilikuwa saa nne. Tulihesabu hadi saa nane, bila kukaa.

"Nyuma, buse sitini na mbili!"

"Nyuma, sitini na mbili. Mbele?"

"Mbele, buse mia na arobaini, mwewe mumoja."

"Mwewe namuweka wapi?"

"Fasi ya pili, yaya, kando."

"Bon. Mbele, mia na arobaini, mwewe moja. Nyuma?"

Sijui kuelezea saa zile. Shingo iliniuma, macho yalitoa machozi, midomo yangu ilipasuka kwa upepo. Lakini kila nilipogeuka kidogo niliwaona wawili hawa: mwanaume niliyempenda, amesimama kwa miguu iliyotanuka, uso juu, midomo yake ikihesabu, na dada yangu aliyetumwa kunitenganisha naye, amekaa katikati yetu na daftari kwenye goti, akiamuru sisi sote wawili kama wasichana wake wa kazi. Nilishukuru kimoyomoyo. Hata kama tutashuka na kila kitu kiishe, nilisema, asante kwa hii.

Karibu na saa sita sauti ya Victoire ilinyamaza. Niligeuka. Alikuwa ameacha kuandika. Kichwa chake kilikuwa nyuma, mdomo wazi, na juu yake kulikuwa na ndege labda mia tatu wakizunguka kwa pamoja katika duara moja kubwa, kimya kabisa.

"Banatoka wapi bote hawa?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Bengine Urusi," Grady alisema bila kushusha jumelles. "Bengine mbali kupita."

"Na banarudia?"

"Mwezi wa tatu banapita tena."

"Bote?"

Hapo Grady alishusha jumelles na kumtazama. Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi na ingependeza. "Hapana, yaya," alisema. "Hapana bote."

Victoire alimtazama muda mrefu. "Usinifananishe na ndege," alisema.

"Siwezi, yaya."

"Bon. Mbele, ngapi?"

Saa nane mawingu yalirudi, meusi, na ndege wakakatika. Tulijificha chini ya bâche, sisi watatu, mvua ikipiga juu ya vichwa vyetu, na Victoire akajumlisha mara mbili, akitembeza bic chini ya safu. Elfu tatu mia nne na tatu. Katika Jumamosi zote saba zilizotangulia hatukuwahi kufika hata elfu moja kwa siku. Grady alisoma tarakimu ile, akaisoma tena, akaziba uso wake kwa kofia. Aliposhusha kofia macho yalikuwa mekundu.

"Yaya," alisema, "bila wewe tungepoteza nusu. Nashukuru sana."

Victoire alikuwa anamenya kiazi cha kuchemsha. Alikimenya chote, akakigawa vipande vitatu, akatupa kila mtu chake. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Grady. Mama yako anaitwa nani?"

"Germaine."

"Eko muzima?"

"Muzima."

"Anamujua Vagheni?"

"Anajua jina yake. Anajua eko mwalimu. Anajua anaogopa ngombe."

Nilimpiga bega. Victoire hakucheka.

"Mupigie."

"Sasa hivi, yaya?"

"Sasa. Miaka ine nimeishi na Xavier, na sikusikia sauti ya mama yake hata siku moja. Kila mara réseau ni mubaya. Kila mara mama eko kwenye shamba. Na hakuna mutu kwetu aliuliza. Papa hakuuliza. Mimi sikuuliza, niliona ni haya. Leo nauliza."

Réseau, mtandao wa simu, haikupatikana pale tulipokaa. Ilipatikana kwenye jiwe la juu, hatua hamsini. Tulikwenda watu watatu chini ya bâche moja, tukishikana tusiteleze, Grady mbele, mimi katikati, na Victoire nyuma akinisukuma.

Grady alipiga mara ya kwanza. Hakuna. Mara ya pili, simu ilikata yenyewe.

"Ni réseau," Grady alisema, na akasikia mwenyewe neno alilolisema. Nilimwona akifumba macho. Nilimwona Victoire akifunga uso wake, polepole, kama duka. Nilimshika Grady mkono wa sweta. Piga tena, nilisema moyoni, piga, piga.

Mara ya tatu iliita. Iliita muda mrefu. Halafu sauti ya mwanamke, kubwa, karibu kama yuko chini ya bâche pamoja nasi, ikasema jina la Grady.

Victoire aliichukua simu mkononi mwake.

"Mbote, mama," alisema.

Victoire anajua Lingala. Amejifunza Beni kwa askari wanaomletea mavazi yao yaliyochanika, na kwa muziki wa jirani. Mimi ninaokota neno moja moja tu. Ndiyo maana Grady aliinamia sikio langu na kunitafsiria, na pumzi yake ilikuwa na joto, na mpaka leo sauti ya Mama Germaine ninaikumbuka kwa sauti ya mwanawe.

"Mbote, mwana na ngai. Hujambo mwanangu, ni nani?"

"Naitwa Victoire, mama. Mimi ni yaya wa Vagheni."

Halafu: "Ngoja. Ngoja nikae." Tulisikia kiti kikivutwa. "Nilikuwa nawangojea. Miaka mitatu namwuliza mtoto huyu, ni nani wanakupa chakula huko mbali? Ananijibu, watu wazuri, mama. Namwambia, watu wazuri wana majina! Taja majina! Haya, wewe nitajie. Papa yenu anaitwa nani? Polepole, nachukua bic."

Na Victoire akataja. Papa Mathe. Mama Kavira. Mtaa wetu, parokia yetu. Kisha akaomba vya upande ule, na Mama Germaine akavitoa vyote: avenue, namba ya nyumba, kwaya anayoimba, jina la padri, jina la dada yake anayekaa nyuma ya soko. Victoire alikuwa ameweka daftari la ndege juu ya mgongo wangu na aliandika hapo, chini ya hesabu ya saa nane. Nilihisi kila herufi.

Nilifikiri wamemaliza. Lakini Victoire alivuta pumzi na kuanza kumsimulia yule mama asiyemjua habari za Xavier. Zote. Wiki mbili, Kananga, numéro iliyokufa. Alisimulia yale ambayo hakuwahi kutusimulia sisi wa nyumbani kwao. Grady aliacha kunitafsiria. Hakukuwa na haja.

Halafu Mama Germaine akaongea, taratibu, na Grady akanisogelea tena.

"Anasema, mwanangu, pole sana. Anasema, kama mtoto wangu akifanya vile, usimtafute yeye. Nipigie mimi. Namba hii ni ya nyumba, haibadiliki. Nami nitakuja kumkamata masikio, hata akiwa na mvi." Akasikiliza tena. "Anasema mwezi wa kumi na mbili atakuja. Hajawahi kupanda ndege katika maisha yake, anaogopa sana, mais atapanda. Anataka kuona watu walionilisha. Anasema..."

Hakuweza kuendelea. Lakini hilo la mwisho nililielewa mwenyewe, maana alilirudia mara tatu, matondo mingi, matondo mingi, matondo mingi, yaani asante sana, na dada yangu, aliyekatazwa na nani sijui kulia kwa miaka tisa, alilia juu ya mlima wa Masereka na simu sikioni, akiitikia kwa kichwa kana kwamba mama yule anamwona.

Tulishuka kwa moto mbili. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa mbele ya nyumba yetu Butembo, tumelowa, tumechafuka, watu watatu wa rangi moja ya matope. Grady alibaki ng'ambo ya barabara, karibu na kibanda cha muuza unités, vocha za simu.

"Ingia," nilimwambia.

"Papa alinipatisha jibu, Vagheni. Siwezi kuingia bila kuitwa." Alinitazama kwa yale macho yake ya kuhesabu, yasiyotaka kupoteza kitu. "Wewe ingia. Nitangojea hapa. Hata kama ni hapana, nataka niisikie leo."

Papa alikuwa sebuleni na mama. Alitutazama sote wawili, akatazama matope juu ya saruji.

"Victoire, nilikutuma umulete mudogo yako."

"Nimemuleta, papa."

Alikata ukurasa kutoka daftarini na kumpa. Papa alivaa miwani yake. "Ni nini hii?"

"Ni mama ya Grady. Germaine. Avenue njo ile, paroisse njo ile, numéro ya simu njo hii. Nimeongea naye saa muzima. Anakuya mwezi wa kumi na mbili kukusalimia."

Papa alisoma ukurasa mpaka chini. Aliurudia tena kutoka juu. Mama alikuwa ameacha kukunja nguo.

"Papa," Victoire alisema, na sauti yake ikawa ndogo, "kama ulimukatalia Vagheni juu ya sababu yangu, basi acha. Mimi sitaki mutu mwingine alipe deni ya Xavier."

"Haikuwa juu yako," papa alisema.

Alivua miwani. Sijawahi kumwona papa yangu akitafuta maneno. Ni mtu ambaye maneno yake yamekaa tayari siku zote.

"Ni juu yangu. Xavier alikuya hapa na veste, na chef wake, na gari ya État ikasimama kwenye mulango. Jirani bote banatazama. Nilifurahi, Victoire. Niliona bukubwa. Sikuuliza mutu wa kwao hata mumoja, juu niliogopa kuonekana munyama wa kilimani asiyejua mambo. Nilikutoa sawa vile mutu anaweka muzigo kwenye gari inapita. Miaka tisa nataka kukuambia, na kinywa inakataa. Halafu Jumatano kijana anakuya peke yake, kwa miguu, anasema kweli yote, na mimi namufukuza. Juu nilishaogopa, fasi ambayo haiko ya kuogopa." Alishika ukurasa kwa mikono yote miwili. "Unisamehe, mutoto yangu."

Victoire alipiga magoti pale pale, na matope yake yote, na kuweka kichwa juu ya mapaja ya papa, kama alivyokuwa akifanya kabla mimi sijazaliwa.

"Nilisamehe kitambo, papa," alisema. "Nilikuwa nangojea tu useme."

Mama aliziba uso kwa kitenge. Mimi nilisimama mlangoni na nilishukuru. Nilishukuru kwa mvua, kwa ukungu, kwa ndege waliolala chini yetu bila sisi kujua, kwa sababu kama wangepita mapema Victoire angenikuta niko tayari kushuka.

Baada ya muda papa aliinua kichwa. "Ule kijana eko wapi?"

"Inje," nilisema. "Ng'ambo ya barabara."

"Kwa mvua?"

"Alisema ulimupatisha jibu."

Papa aliinuka.

"Mathe," mama alinong'ona, "tuma mutoto akamuite. Wewe njo baba."

Hakumsikiliza. Hakuchukua mwavuli wala koti. Alitoka na ndara zake za nyumbani, akavuka uwanja, akafungua lango mwenyewe, akaingia barabarani katika matope, mzee wa miaka sitini na nane, na majirani walisimama kwenye milango yao kutazama, kama walivyotazama gari la Xavier. Nilimwona Grady akivua kofia. Nilimwona papa akiongea. Sikusikia. Aliongea kidogo tu, kisha akamshika Grady kiwiko na kumvusha.

Kwenye mlango papa aligeuka kwetu. "Kindu ataenda peke yake kwanza," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa amri ili asilie. "Vagheni anamaliza mwaka wa masomo na batoto yake ya shule. Mama Germaine anakuya, tunakula naye, tunaongea. Na mimi pia, kisha Pasaka, nitaenda Kikwit kuona nyumba na macho yangu. Hapana mutu anicheke." Hakuna aliyecheka. "Mama Vagheni, chakula."

Grady alisimama kwenye kizingiti, maji yakimtiririka masikioni. Alinitazama mara moja tu, na katika kutazama kule kulikuwa na Jumamosi zote nane. Kisha akamwinamia papa na, kwa Kinande chake kibaya alichojifunza kwa wakulima wa Masereka, akasema:

"Wasingya kutsibu, papa."

Asante sana. Alilisema vibaya, akiuma herufi mahali pasipotakiwa. Papa alikunja uso. Akamsahihisha, silabi kwa silabi, kama anavyofundishwa mtoto wa nyumba.

"Sema tena," alisema.

Grady akasema tena.